Kadi ya Picha ya Kyalo

Jumanne. Ukungu umeifunika Kikima, huku mlimani, tangu asubuhi, na moyo wangu hauna tofauti nao.

Mdogo wangu Kyalo huhariri video za harusi kwenye kompyuta iliyo chumbani kwake. Ana ugonjwa wa sukari tangu sekondari. Mama ndiye aliyeniambia kwamba Kyalo ameacha kazi, anakaa tu. Mimi, dada yake, hutengeneza kompyuta hapa sokoni, lakini yake hakuniletea.

Leo nimeenda nyumbani mwenyewe. Nilipoiwasha, skrini ilijaa viboksi vya kijani na zambarau, na uso wa bibi harusi kwenye video ukakatwakatwa kwa mistari.

"Hii imeanza lini?"

Aligeuka kuniangalia. "Kwani na wewe unaiona?"

Hapo nikaelewa. Alidhani ni macho yake. Daktari alishamwonya kuhusu sukari na macho, na hofu hiyo akaibeba peke yake.

Nilibadilisha waya, nikaleta skrini nyingine. Viboksi vikabaki. Nikachomoa kadi ya picha, kile kipande cha ndani kinachotuma picha kwenye skrini, nikaunganisha skrini moja kwa moja kwenye kompyuta, na picha ikatulia. Nikairudisha kadi, nikaendesha programu ya kupima memori yake. Kila niliporudia, makosa yalitokea palepale. Memori ya kadi imekufa.

"Si macho yako, Kyalo. Ni kadi."

Alicheka mpaka mama akatoka jikoni kuangalia kuna nini. Sikumbuki ni lini alicheka hivyo.

Nikamwekea kadi nyingine kutoka dukani kwangu. Skrini ikawa safi, bibi harusi akaonekana mzima.

Kyalo akasogea karibu. Akafunga jicho moja, akalifungua, akafunga la pili.

"Viboksi vimeisha, siz," akasema polepole. "Lakini kuna doa jeusi hapa katikati. Hilo halijatoka."

Mimi sikuona doa lolote.

Nilipaswa kumwambia tu kwamba kadi ni mbovu, nisiseme si macho. Macho yake sikuyapima.

Nilikaa kitandani kando yake. Mama, ambaye hakuwa amesikia neno, alituletea chai, akasema anashukuru Mungu kijana amecheka. Tukanywa. Kyalo aliniangalia, nami nikajua ananiomba ninyamaze.

Kesho tunashuka mjini Wote kwa daktari wa macho. Mama atauliza tunaenda wapi mapema hivyo.