Nusu Yako ya Shamba Ina Mtu

Mkunya,
S.L.P. 12,
Newala.
11 Septemba 2005

Mpendwa mdogo wangu Fortunatus,

Marahaba. Najua shikamoo umeshaniamkia huko Arusha, ila posta imeichelewesha. Hujambo? Wifi Flora na watoto hawajambo? Sisi wazima, maji tu ndiyo shida ile ile.

Nasikia Vitalis, yule wa vyuma chakavu kutoka Masasi, amekuomba akodi nusu yako ya shamba alilotuachia baba. Kiwanja chake hapa kijijini kimejaa. Tangu biashara iwe huria, televisheni na kompyuta za mitumba zinakuja kufia kwetu, naye anazichoma apate shaba.

Wataalamu walipima udongo wa mashamba yanayopakana naye, na majibu yamekuja. Plastiki za vyombo vile hutiwa dawa ili zisishike moto. Dawa ya kuzuia moto, na bwana huyu anaichoma. Inashuka ardhini, inakaa miaka, na kuku wakichakura inaingia mpaka kwenye mayai. Mama Witness, jirani yake, ameambiwa asiwape wanawe mayai ya kuku wake. Yeye alilia. Mimi nilikasirika.

Kwenye mkutano wa kijiji Vitalis akasema wataalamu wanatutia hofu bure. Sikubishana naye. Nilikuwa nimechemsha mayai ya Mama Witness, nikamwekea mezani na chumvi, mbele ya watu wote.

"Karibu mgeni wetu," nikamwambia. "Ni ya kuku wa pale pale kwako."

"Nashukuru mama, nimeshiba."

Unajua tulivyo, mgeni hata akishiba huonja. Yeye hakugusa yai. Hata vibarua wake waliinamisha vichwa.

Lakini hajakata tamaa, anangoja sahihi yako. Najua maisha ya huko ni magumu, sikulaumu kwa kufikiria. Ila ujue nimehamia kwenye nusu yako. Nimejenga kibanda katikati ya mikorosho, nimebeba kitanda na masufuria. Akitaka kuchoma, aanze na mimi.

Wasalimie wifi, Danieli na Julia. Shangazi Dominika anakusalimu sana. Ndiye anayeniletea maji hapa kibandani.

Mungu akubariki, na aushike mkono wako wa kulia.

Dada yako akupendaye, na asiyehama,
Veridiana