Mteremko wa Mama na Sheria Aliyoiomba Mwenyewe

Nyumbani, kando ya karakana,
Jumapili jioni, 8 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Kifua,

Pokea salamu za kaka yako, fundi anayetafutwa mji mzima na kila mtu anayetaka geti ambalo bawaba zake hazilii. U mzima? Shemeji hajambo? Na wale mapacha, bado wanagombania upande wa kitanda? Sisi huku tunapumua. Mama hajambo: sauti ipo, ukali upo, miguu ndiyo haijarudi tangu alipoanguka. Mke wangu anakusalimu, anasema kwenye picha umenenepa. Mimi mwenyewe ni mzima kuanzia shingoni kwenda juu. Kwenda chini nitakueleza.

Barua yako nimeipata. Umeuliza kama nimemaliza ule mteremko wa chuma niliokuwa namchomelea Mama juu ya ngazi za mlangoni, wa kushukia na kiti chake cha magurudumu. Niliumaliza, bwana wee, kitu cha kupigwa picha! Mama akawa anashuka mwenyewe asubuhi bila kumwita mtu, anakwenda kwa muuza magazeti kubishana, anarudi saa aitakayo. Sasa haupo. Askari wa jiji wameung'oa.

Tulia, usianze kutukana. Kisa chenyewe kina mkia mrefu.

Unakumbuka Mama alivyokuwa akilalamika kwamba njia ya waenda kwa miguu imejaa meza za viatu, mabango na pikipiki, kiti hakipiti? Basi alimkalia kooni diwani wetu mpaka diwani akalipeleka neno barazani. Madiwani wakapiga kura, ikatoka sheria ndogo: chochote kilichowekwa kwenye njia ile kiondolewe. Tulishangilia! Njia ikawa nyeupe pe. Halafu wakaja kupima mteremko wangu, wakakuta mguu wake umekanyaga njia.

Nikasema, hili dogo. Si mimi niliyechomelea geti la ukumbi wa jiji? Nikavaa shati la maana nikaenda kwa diwani. "Fundi Cheche," akaniambia, "mimi nina kura moja tu. Sheria tumeitunga baraza zima, baraza zima ndilo litakaloibadilisha." Nikapanda kwa meya, maana huwa tunapeana mikono. Kumbe ule mkufu wote shingoni ni wa kuongozea vikao! Askari si wake, ni wa mkurugenzi. Kwa mkurugenzi wakanisukuma kwa mkuu wa askari. Huyo akasema kazi yake ni kutekeleza, nikiona nimeonewa kuna hakimu. Karani wa hakimu naye akasema hakimu hasikilizi kesi ambayo hajaletewa, nisubiri kwanza nishtakiwe.

Mdogo wangu, shule niliiacha inaendelea, lakini siku ile nilihitimu. Mmoja anatunga, mwingine anatekeleza, wa tatu anahukumu, na kila mmoja anakuonyesha mlango wa mwenzake kwa adabu kabisa. Wao wamegawana madaraka, mimi nikaambulia soli iliyotoboka.

Mkuu wa askari si mtu mbaya, nisimnyime haki yake. Alinieleza anachoweza: kunichagulia siku, na kutoukata kwa msumeno. Kuuacha hawezi. Vijana wake wakafungua boliti moja moja, wakaubeba taratibu kama jeneza la mheshimiwa. Uko yadi ya jiji, umefunikwa turubai.

Nikamwambia Mama tuombe aachiwe yeye peke yake. Mtu mzima, mgonjwa, nani atamkatalia? Akanikata jicho.

"We mtoto, sheria hii niliiomba mimi. Nikiachiwa mimi, yule muuza viatu aliyeondolewa meza yake nitamtazamaje?"

"Mama, yeye ana miguu!"

"Na watoto wa kulisha anao. Nipeleke barazani."

Nikampeleka. Ukumbi wa jiji wenyewe una ngazi mbele, ndefu hizo, hazina pa kupitisha gurudumu. Nikambeba mgongoni, nikapita kwenye geti langu mwenyewe nikihema kama mbwa wa kiangazi, tukaingia hivyo mbele ya madiwani wote. Mama akasema hataki kuachiwa. Anataka uongezwe mstari: mteremko wa mtu asiyeweza kutembea usihesabiwe kizuizi, mradi kiti kingine kipite kando yake. Basi. Wa kwanza kupiga makofi alikuwa muuza viatu, amekaa nyuma kabisa.

Usidhani wamepitisha. Wamelipokea ombi tu. Sasa liko kamatini, likitoka huko liende kwa mwanasheria wa jiji, lirudi barazani lipigiwe kura, litangazwe, ndipo mkuu wa askari afungue yadi. Diwani anasema itakuwa kabla mvua hazijaisha. Hakusema mvua za mwaka gani.

Kwa hiyo kwa sasa mteremko ni mimi. Asubuhi namshusha Mama, narudi kuchukua kiti, akichoka kubishana na muuza magazeti nampandisha. Mgongo niliokuwa nikiutambia unalia kama bawaba za mafundi wengine. Juzi, tukiwa katikati ya ngazi, aliniambia sikioni, "Nilikuwa nashuka mwenyewe." Nikamshusha ngazi zilizobaki moja moja, kama zile boliti.

Dawa ya kuchua usitume, ipo tele. Likizo ikifika njoo wewe, ulete hicho kifua ulichokuwa ukitutishia nacho utotoni, tupokezane. Mama anasema amechoka kunusa moshi wa vyuma shingoni kwangu.

Yale mashimo ya boliti mlangoni sijayaziba. Kila nikifunga karakana nayapaka grisi, yasishike kutu.

Msalimie shemeji, wabusu mapacha, na shangazi ukimwona mwambie sufuria lake bado tunalo na tunalipenda. Mungu awape afya, riziki, na nyumba isiyo na ngazi.

Ni mimi nikupendaye, japo nimeinama,
Kaka yako,
Fundi Cheche