Moyo wa Ojok

Jumatatu, 3 Machi
Foleni ya wagonjwa tangu asubuhi. Mgongo unauma. Kile kipimo kipya cha ultrasaundi bado sijakizoea. Kinapima ugumu wa nyama ya moyo: mtetemo ukipita kwa kasi, nyama imekakamaa, ukienda taratibu, ni laini. Nahitaji moyo wenye afya wa kulinganisha. Nimempigia kaka yangu Ojok. Mwanajeshi, kila alfajiri anakimbia kupanda kilima cha Old Kampala. Amekubali.

Jumatano, 5 Machi
Ojok alilala kitandani, akalalamika kwamba jeli ni baridi. Picha safi. Moyo unasukuma damu vizuri. Kisha mtetemo. Ulipita kwa kasi mno. Nikadhani nimekosea. Nikarudia. Nikamwita daktari, naye akarudia. Akaanza tena.
“Kwani mmeupoteza moyo wangu?” Ojok akauliza.
Sikuweza kucheka.

Ijumaa, 7 Machi
Vipimo vingine vimethibitisha. Moyo unasukuma, lakini haulegei kupokea damu. Dawa ya kuulainisha hakuna. Ipo ya kupunguza maji mwilini, basi.
Mwisho wa mwezi Ojok anaenda nje na kikosi cha kulinda amani. Ameisubiri safari hii miaka. Alipopimwa kikosini alipita; vipimo vya kawaida havioni jambo hili.
“Dada, funga mdomo,” ameniambia. “Hata Hawa asijue.”
Hawa ni mke wake.

Jumapili, 9 Machi
Siri ya mgonjwa si yangu kuitoa. Najua.
Leo Hawa alinialika kufuturu. Ojok alikuwa anapandisha jerikeni ya maji ghorofani. Katikati ya ngazi akasimama, akainama kama anafunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa ndala.
Nilimfuata Hawa jikoni. Nikamwambia yote. Akazima jiko, akakaa sakafuni.

Jumanne, 11 Machi
Hawa alimpa mume wake siku moja aseme mwenyewe kwa mkubwa wake, la sivyo angekwenda yeye. Amesema. Jina lake limefutwa kwenye orodha ya safari.
Ojok akaja hadi kazini kwangu, mbele ya wagonjwa. “Umeniua kabla moyo haujaniua.”
Nikaita anayefuata.

Alhamisi, 20 Machi
Ojok hapokei simu. Hakimbii tena. Hawa anasema anakaa dirishani tu. Nilifanya sawa. Najichukia.

Jumamosi, 29 Machi
Wenzake waliondoka jana. Leo Hawa amemleta hospitali, miguu imevimba, pumzi hazitoshi. Amelazwa. Nimempima mimi. Alitazama ukuta muda wote. Hali imezidi kuwa mbaya. Nimekwenda chooni kulia.

Jumatatu, 31 Machi
Idi. Hawa ameleta pilau wodini. Ya Ojok haina chumvi. Amekula vijiko vichache. Analala ameketi, akijinyoosha anakosa hewa.
Nilisimama mlangoni na koti la kazi. Baadaye Ojok akasogeza miguu yake kitandani, nikapata pa kukaa.