Mifupa Saba ya Shingo

Kisu Butu, salamu huko uliko.

Najua hilo jina lilikuwa linakuudhi, lakini ni mimi nilikubandika na sasa hakuna mwingine wa kukuita hivyo, kwa hivyo vumilia. Mazishi yako sikufika, Juma. Nilienda kwa chifu kuomba pasi ya kutoka Embu nije Meru, akaniuliza kama marehemu ni ndugu yangu wa tumbo moja. Nikasema ni rafiki, Mwislamu wa mjini, ana bucha kule karibu na Kinoru. Akasema huyo ana watu wake wa kumzika. Na nyinyi Waislamu mkizika hamngojei mtu. Kabla nimalize kubishana ulikuwa umeshafunikwa. Hiyo bado inanichoma.

Huku, kwa sababu ya vita vya msituni, serikali imetutoa mashambani wote, tumerundikwa kijiji kimoja hapa Manyatta, nyumba juu ya nyumba, na handaki la miti iliyochongwa limetuzunguka. Walimu wengi walishikwa, ndiyo sababu hata mimi niliyeishia darasa la nne nimepewa watoto wa misheni nifundishe. Ungecheka mpaka uangushe panga.

Unakumbuka kile kitabu cha Kizungu ulinunua kwa Mhindi uje ufungie nyama? Tuliokoa nusu, nusu ilienda na matumbo. Mimi nasoma neno moja moja na kamusi, wewe una mbuzi ananing'inia hapo, kila kilichoandikwa tunakitafuta ndani yake. Tulipofika kwa shingo hukuamini. Mbuzi mifupa saba, ng'ombe saba, hata twiga na urefu wake wote, saba. Na mtu saba. Ukanishika shingo na mikono yako ya mafuta ukaanza kuhesabu. Nikakuuliza, kitabu kinasema tumetoka kwa babu mmoja, sisi na mbuzi, zamani hata haihesabiki, sasa wewe na dini yako unaonaje? Ukasema, "Mungu ana haraka gani, bwana? Alichukua muda wake." Ukaendelea kunoa.

Basi hiyo ndiyo nilifundisha, ile saba na yule babu mmoja. Nyama huku hakuna, lakini homgadi, hao walinzi wa serikali, walikuwa wamechinja mbuzi kwa kambi yao, na watoto wakaokota shingo nzima huko jalalani kwao. Tukachemsha ikawa safi. Nikawaambia waitunge kwenye kijiti, mfupa baada ya mfupa, na wahesabu kwa sauti. Juma, walikuwa wanafurahi. Watoto ambao wamezoea tu kuitwa kwa foleni, wanashikana shingo wanacheka, wananiuliza twiga alifanya nini akawa mrefu.

Wewe ungenizuia. Kila mtu wa huku anajua mfupa wa shingo ya mbuzi una kazi gani kwa kiapo cha wapiganaji wa msituni, unaingiza kijiti kwa tundu huku unaapa, mara saba. Najua tangu nikiwa mdogo. Lakini kichwa changu kilikuwa kwa twiga.

Homgadi mmoja anaitwa Njeru akapita dirishani. Akaona mifupa ya mbuzi, akaona kijiti, akasikia watoto wanasema saba kwa pamoja. Hakuuliza kitu. Nilipigwa mbele yao, nikafungiwa kwa posti yao ya ulinzi, na watoto wote wakaandikwa kwamba wamekula kiapo. Nikasema hii ni elimu ya viumbe. Njeru akaniambia hata wale wa msituni huiita elimu. Nikamwambia mbuzi mwenyewe ni wenu, mlimla nyinyi. Hapo nikaongezwa kofi.

Padre wa misheni akaja na pikipiki yake. Kumwangalia tu nikajua ameelewa, anajua vizuri hicho si kiapo. Nikafurahi, mjinga mimi. Akaomba chifu atoke nje, akaniambia polepole, "Ingekuwa kiapo, kijana, ningejua la kufanya na wewe."

Kilichomuudhi ni yule babu mmoja, sisi na mbuzi. Masharti yake ni haya. Kesho kanisani, mbele ya wazazi, niseme niliwafundisha watoto uongo, na kwamba ukweli ni mtu hana ukoo na mnyama. Nikisema, atamwambia chifu kiapo hakikuwako, na majina ya watoto yatafutwa. Nikikataa, ananyamaza. Mimi naenda kizuizini, hiyo sijali sana. Lakini wao hawatasoma tena, na baba zao wataulizwa ni nani alileta mbuzi. Unajua wanavyoulizwa.

Nikaachiliwa ili nifikirie. Nifikiri nini? Nimezunguka hili handaki kama ng'ombe wa kukamua miwa. Nimetukana padre kwa Kiembu, kwa Kiswahili, na kwa yale maneno yako ya bucha.

Masharti yameshasikika kijiji kizima, na leo Wanja, yule msichana wa darasa langu anayeuliza sana, akanikuta kwa foleni ya maji. Hakunitazama. Akasema, "Mwalimu, sema tu ni uongo. Sisi tutajua."

Alidhani ananisaidia. Lakini Juma, hilo ndilo limenimaliza. Kusema hivi na kujua vile, hiyo hawa watoto hawahitaji mwalimu. Wanajifunza kila siku, kwa mama zao, kwa homgadi akipiga hodi. Mimi nilikuwa na kitu kimoja tu cha kuwapa: ukiona saba, useme saba, yeyote akiwa amesimama mlangoni.

Sasa lala, ndugu yangu. Nakuahidi, siku nitapewa pasi, nikitoka hapa au nikitoka kizuizini, nitakuja Meru nikae kaburini kwako nikuambie kile nilisema, bila kukipamba. Lakini kanisa ni kesho asubuhi, na Wanja atakuwa amekaa mbele na baba yake. Wewe ungesimama useme nini?