Yule Mama Hakupona

Mjukuu wangu Kemilembe,

Bibi yako anakusalimu kutoka Kibeta. Ameanika kahawa na anagombana na kuku wa jirani.

Umeniuliza kwa nini nimeiponda tamthilia uliyoniletea kwenye flashi. Waigizaji wanajua kazi. Lakini yule mama mgonjwa, aliyelazwa na wanja machoni, anapona sehemu ya mwisho bila sababu. Mwisho kama huo niliwahi kuutunga mimi.

Nilipokuwa mwalimu kijana kisiwani Goziba, niliwatafsiria wavuvi filamu za Kiingereza kwenye banda la video. Moja iliishia mama akifumba macho, amekufa. Mvuvi Ishengoma, aliyekuwa ameitwa Muleba kumwona mama yake mgonjwa, akaniuliza, "Mwalimu, amekufa huyo?"

Nilimwonea huruma. "Amelala tu. Atapona."

"Basi na wangu atanisubiri."

Wenzake wakacheka. "Msubirishe mama, dagaa hawasubiri!"

Boti ya kwenda Muleba ikaondoka bila yeye. Alipokwenda wiki iliyofuata, alikuta kaburi. Hakunilaumu, maana hakujua. Sijamwambia mtu jambo hili mpaka leo, na naogopa kufa nalo.

Tena naogopa jambo jingine. Mama yako anakuambia kwenye simu kwamba naendelea vizuri, usikatishe masomo. Anakutafsiria kwa huruma, kama mimi siku ile. Kemilembe, siendelei vizuri. Barua hii fupi nimeiandika siku nne.

Tamthilia yako itakungoja. Panda basi la Ijumaa.

Babu yako