Nimemwona Idrisa

Rågsved, Stockholm
Jumanne asubuhi

Mama yangu,

Shikamoo. Vipi magoti, na ile dawa ya presha unaimeza au unaificha chini ya mto kama zamani? Sisi huku wazima. Baridi imeanza kulegea, Salma amerefuka kunipita, na mpaka leo nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiswidi, halafu anashangaa nikikasirika. Kazi yangu ya kuwahudumia wazee majumbani mwao ndiyo ile ile.

Barua hii nimempa Mama Tatu wa Vällingby, anakuja Korogwe kumwoza binti yake. Sikutaka kupiga simu, maana nikikupigia unaweka sauti kubwa na nyumba nzima inasikiliza, mpaka anayepita njia. Hii isome peke yako, chumbani, mlango umeufunga. Wakipiga hodi usiitikie.

Nimemwona Idrisa. Yu hai, mzima wa afya, amenenepa kidogo usoni.

Najua hapo umeiweka karatasi chini. Lia kidogo, kisha endelea, maana bado yako mengi.

Tangu nimwone ni wiki ya tatu, na sijakaa nikatulia. Naosha vyombo visafi. Juzi treni imenipitiliza kituo changu mpaka mwisho wa reli, nikapanda ya kurudi, ikanipitiliza tena upande wa pili. Hata sasa naandika nimesimama, karatasi juu ya mashine ya kufulia, kwenye chumba cha kufulia cha chini ya jengo letu. Zamu yangu inakwisha saa nne, na yule mama Mrundi wa ghorofa ya tatu ana zamu baada yangu. Ameshachungulia mara mbili. Ananiona sifui, naandika, anaguna.

Salma ndiye aliyempata. Alikuwa anatafuta kwenye simu mahali pa kwenda likizo, akanionyesha mji mmoja wa kale wa Uskoti, Edinburgh, ambako wageni wanatembezwa kwa miguu kuonyeshwa majumba ya zamani. Katikati ya picha yupo mwanamume mweusi kainua mwavuli mwekundu. "Mama, huyu ana pua yako," akaniambia kwa Kiswidi chake. Nikakaa hapo hapo sakafuni jikoni.

Sikumwandikia, nilijua atatoroka. Nikajiandikisha kwenye matembezi yake kwa jina la ukoo wa mume wangu, nikapanda ndege Ijumaa, na Jumamosi saa nne asubuhi nilikuwa nimesimama uwanjani karibu na kanisa lao kubwa, kofia mpaka kwenye nyusi, skafu mpaka puani. Tulikuwa watu kama ishirini. Na nilikuwa nimeapa, Mama: akinisalimia, simwitikii. Abaki na shikamoo yake mdomoni.

Akatokea. Mama, mwanao anavaa sketi! Usicheke, ndiyo vazi la wanaume wa kule, ya sufu, ya mirabaraba, na miguu ni ile ile myembamba waliyokuwa wakimchekea shuleni. Akaanza kutuhesabu kwa kidole, mmoja mmoja, na kidole kilipofika kwangu kikabaki hewani.

"Shikamoo, dada," akasema, mbele ya Wazungu wote wale.

"Marahaba." Ikanitoka kabla sijafumba mdomo, kiapo na kila kitu. Ulitulea hivyo, hata kununa hatujui. Bibi mmoja akauliza hiyo ni lugha gani. Idrisa akamjibu, "Huyu ni dada yangu mkubwa. Leo nikikosea historia ninyi mtanisamehe, yeye hasamehe." Wakacheka wote. Mimi nilitamani ardhi ipasuke.

Basi akatutembeza saa mbili nzima, maana ndiyo kazi yake na hawezi kuikatiza kwa ajili ya dada. Mji ule ni mawe matupu, meusi kwa moshi wa zamani. Ngome imekaa juu ya jabali, barabara inateremka kutoka hapo, na huku na huku kuna vichochoro vyembamba hata mabega yanagusa kuta. Anatuingiza huku, tunatokea kule, ngazi juu, ngazi chini. Upepo wake sina la kusema. Anawasimulia wafalme, tauni, na watu waliolundikana ghorofani kabla ya kuwa na mabomba, wanamwaga maji machafu dirishani huku wakipiga kelele kumwonya anayepita. Watu hawana mbavu kwa kucheka. Nami huku nyuma nataka kumkumbatia, nataka kumzaba kofi, nampita, narudi, mpaka mtu akaniuliza kama natafuta choo.

Tukafika makaburini. Wageni wakakaa juu ya makaburi wakila mikate yao, wala hawana habari. Idrisa akapita pembeni, nikaona midomo inatikisika. Alikuwa anawatolea salamu wenyeji wa pale, kama Baba alivyotufundisha. Machozi yakanitoka, nikasingizia upepo.

Alipomaliza tukakaa kwenye ngazi za mawe. Alikuwa na nusu saa kabla ya kundi jingine. Ana mke, muuguzi, na ana binti wa miaka minne. Binti anaitwa Mwanaidi. Ndiyo, jina lako. Nikamwuliza, "Unampaje mtoto jina la mtu usiyempigia hata simu?" Akasema, "Simu nilikatazwa, dada. Jina sikukatazwa."

Mama, sasa kaa vizuri.

Siku ya tatu ya msiba wa Baba simu yako ilikuwa mkononi mwangu. Wewe ulikuwa umelala mkekani, hujiwezi. Idrisa akapiga. Karatasi zake za kuishi ugenini zilikuwa bado hazijakamilika, angetoka kule asingerudi, na alikuwa analia kama mtoto. Mimi nilikuwa nimesafiri siku mbili sijalala, na kila anayeingia kutoa pole ananiuliza mtoto wa kiume yuko wapi. Hasira zikanipanda. Nikamwambia, "Mama amesema hana tena mtoto wa kiume. Usipige hapa." Nikakata, nikaizuia namba yake isiingie tena kwenye simu yako.

Hukusema neno hilo. Hata nusu yake hukusema. Nililitunga mimi.

Wiki ile bado nilikuwa na hasira. Baadaye aibu ikanishika, nikampigia, namba yake haipatikani tena. Na kila Idi umeniuliza, "Idrisa hajakutafuta?" nami nikakujibu, "Bado, Mama." Miaka sita. Nilikuwa nikikata simu naenda kufuta meza.

Pale ngazini alinishika mkono akaniuliza, "Mama amenisamehe?" Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yangu. Nikafungua mdomo, nikasema, "Amekusamehe." Akainama akajifunika uso, mabega yanatikisika, watalii wanapita. Akanishukuru, Mama. Mimi! Kisha akajifuta, akachukua mwavuli wake akaenda kulipokea kundi lake.

Namba yako nimempa upya. Atakupigia Jumapili ya kwanza baada ya harusi ya binti wa Mama Tatu, saa kumi jioni ya huko kwetu. Ukiona namba ngeni ya nje, pokea.

Nisalimie Mama mdogo Asha, fundi wetu wa cherehani, na mjomba Kombo mwadhini, na Bi Mwajuma jirani anayekuletea maji. Kwa sasa wasijue kitu.

Mrundi amesharudi na kapu lake, nimalize. Mama, neno la kwanza la Idrisa litakuwa asante kwa kumsamehe. Ameniambia analifanyia mazoezi. Ukimwitikia, utakuwa umeubeba uongo wangu, na yeye atakufa akijua kuwa siku moja mama yake alimkana. Ukimwambia hukuwahi kumkataa, atajua ni mimi, na mimi ndiye nitakayebaki kungojea simu yake. Wiki tatu nimetafuta maneno ya kukuomba unifichie. Siyataki tena. Mwambie.

Mwanao,
Zuhura