Matofali Niliyoyapima Makavu

S.L.P. 418
9 Mei

Mpendwa kaka,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko. Natumaini wewe, wifi na watoto hamjambo, na kile kifua chako kimetulia. Sisi tunapumua tu. Kusema wazima nitakudanganya.

Simu ilikuambia shangazi ametutoka. Haikukuambia sababu, na sitaki uisikie kwa mwingine.

Unajua kazi yangu ni kupima vifaa vya ujenzi. Mwezi wa kwanza baba mdogo aliniletea matofali ya chama chao cha nyumba za bei nafuu: udongo mwekundu na saruji kidogo, ulioshindiliwa kwa mashine ya mkono. Makavu yalibeba mzigo vizuri. Kisha nikayaloweka siku nzima, kama utaratibu unavyotaka. Nilipoinua la kwanza, likanibomokea viganjani kama uji mzito.

Nikamwambia, "Baba, haya hayafai. Ongezeni saruji."

"Tukiongeza, mwanangu, si nyumba ya maskini tena. Paa litazuia mvua. Andika ya makavu tu."

Ndiye aliyenisomesha, kaka. Nikaandika ya makavu tu.

Shangazi alipewa ufunguo wa kwanza. Alicheka siku ile, akasema hata panya wake sasa wana kwao.

Mwezi uliopita mvua ilipiga siku nne mfululizo. Maji yakatuama msingini, ukuta wa chumbani ukayanywa. Asubuhi ya tano, shangazi akikunja nguo, ukamwangukia. Majirani walimfukua kwa mikono mitupu.

Baada ya maziko nilisimama mbele ya wanachama, nikawasomea matokeo niliyoyaficha. Kazini nimesimamishwa, na sina la kulalamika. Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu amezaliwa mzee.

Sikuombi unisamehe. Mpigie baba mdogo: hali chakula, na mimi hanifungulii mlango.

Nyumba nyingine kumi na moja zimejengwa kwa matofali yaleyale. Familia saba zimehama. Nne hazina pa kwenda, na mvua haijaisha. Kila jioni nazipitia, nabonyeza kuta kwa kidole gumba. Mama mmoja mwenye kichanga huniuliza, "Leo je, dada, tulale?" Na mimi ndiye wa kumjibu.

Nisalimie sana wifi, nibusie wanao. Mola awafunike kwa rehema zake.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata ukinikasirikia.